Matoi ya zamani: ununue kwenye mnada, kwa fungu, kwa mkusanyaji mwenzako au Japan?

Kila anayeanza kutafuta matoi ya utotoni anauliza swali lile lile, ninunue wapi, na majibu anayopewa yanazidi kumchanganya maana kila mtu anasifia pale alipopatia yeye. Huyu anasema eBay ndo kila kitu, yule anasema achana na minada nunua kwa wakusanyaji wenyewe, mwingine anakutuma Japan, mwingine anakwambia amka alfajiri uzunguke masoko ya vitu vilivyotumika. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anaongelea toi lake na uzoefu wake.

Mi naona kinachoamua ni hiki, unalijua kiasi gani hilo toi unalolitafuta. Ukiwekewa picha mbele yako unaweza kusema hii bunduki sio yake, hili boksi limechapwa juzi, hapa rangi imerudiwa? Kama unaweza, nenda pale ambapo muuzaji hajui anachouza, huko ndo kuna bei nzuri. Kama bado huwezi, nenda kwa anayejua kuliko wewe na umlipe hiyo tofauti kwa roho safi, kwa sababu hapo unanunua toi pamoja na macho ya mtu aliyelikagua. Nitalinganisha njia mbili mbili na kila sehemu nitasema mi ningechagua ipi.

Kabla hujatoa hela, lijue jina lake

Watu wengi wanakumbuka toi kwa rangi na kwa hisia, "lilikuwa gari jekundu mlango unafunguka", na kwa maelezo hayo utatafuta mpaka uchoke. Ukilipata popote hata kwenye picha tu, angalia maandishi ya mwilini. Ila maandishi nayo yana mtego wake na hapa ndo watu wanapigwa sana. Mfano mzuri ni Barbie. Ukimgeuza mdoli ukakuta 1966 mgongoni au kiunoni, haimaanishi ametengenezwa mwaka huo, hiyo ni haki miliki ya umbo la mwili, na Mattel, kampuni inayomtengeneza, waliendelea kulitumia umbo hilo na tarehe hiyo miaka na miaka, kwa hiyo Barbie wa miaka ya 80 na hata 90 anaweza kuwa na 1966 kabisa. Muuzaji asiyejua ataandika "Barbie wa 1966" kwa nia njema tu, na wewe usiyejua utamlipa bei ya 1966. Hot Wheels vilevile, mwaka ulioko chini ya gari ni mwaka wa haki miliki ya muundo, gari lenyewe linaweza kuwa limetoka kiwandani miaka mingi baadaye.

Kwenye visanamu vya Star Wars vya Kenner geuza mguu, nyuma ya paja au ndama utaona maandishi madogo sana. Vile vya mwanzo vina G.M.F.G.I. 1977, hilo ni kundi la kampuni la General Mills lililokuwa linamiliki Kenner, na vilivyofuata vina L.F.L. yaani Lucasfilm. Karibu na hapo panaandikwa na nchi kilikotengenezwa, Hong Kong, Taiwan, China, na kuna visanamu ambavyo nchi wameifuta ikabaki alama ya mkwaruzo tu. Hayo maandishi ndo unayotakiwa kuyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia, na ndo picha ya kwanza ya kumuomba muuzaji. Wadoli wa Cabbage Patch wa kampuni ya Coleco wana saini ya Xavier Roberts kwenye tako la mdoli, na rangi ya wino inakwambia mwaka, nyeusi ni 1983, kijani 1984, bluu 1985. Ukishalijua hilo tu, matangazo mengi unayapita bila hata kuuliza.

Mnada wa mtandaoni na bei iliyopangwa

Kwenye mnada wa eBay mfumo unakupandishia dau wenyewe. We unaweka kiwango chako cha mwisho kabisa na mfumo unapanda kidogo kidogo kulingana na mwenzako, haufiki kwenye kiwango chako mpaka asukume. Ndo maana wazoefu wanasubiri sekunde za mwisho kisha wanaweka kiwango chao halisi mara moja, kwa sababu ukianza mapema unawapa wengine muda wa kufikiri na wa kupandwa na hasira. Kama umeshaamua kiasi, weka hicho kiasi na uondoke. Ukikaa unaukodolea macho mnada utajikuta unagombania toi ambalo wiki ijayo litakuja lingine zuri kuliko hilo.

Bei iliyopangwa inakupa muda. Unauliza maswali, unaomba picha za pembe nyingine, unatoa ofa, unalala unaamka bado lipo. Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kuandika bei yoyote anayoiota, na ukiangalia matangazo kumi yenye bei za juu unaanza kuamini hiyo ndo bei ya soko. Sio. Bei ya soko ni ile watu waliyolipa. Kuna kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa, kinakuonyesha mauzo ya miezi mitatu hivi iliyopita, fungua hicho kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Angalia mauzo matano sita ya toi lenye hali inayofanana na lile unalolitaka, yaani lina vifaa vyake vyote au halina, limepauka au halijapauka, alafu ndo upate picha ya bei.

Kwa mgeni mi nasema anza na bei iliyopangwa. Mnada ni mzuri kwa vitu vya kawaida ambavyo umeshaviona vikiuzwa mara nyingi, na kwa matangazo yaliyoandikwa vibaya, jina limekosewa, picha ina giza, yamewekwa kundi ambalo siyo. Hayo huwa hayana watu. Jaribu kutafuta kwa maneno ambayo mtu asiyejua angeyatumia, badala ya jina la mhusika andika "roboti la zamani linageuka lori", utashangaa kinachotokea.

Ulinzi wa mnunuzi usiuchukulie poa. eBay inakupa siku 30 tangu mzigo ufike kulalamika kama kitu hakifanani na maelezo, kwa hiyo mzigo ukifika fungua siku hiyo hiyo, usiuweke juu ya kabati mpaka mwezi ujao ukitafuta nafasi ya kuupanga.

Fungu zima au kipande kimoja kilichokamilika

Hapa ndo penye utamu na hapa ndo pesa inapotea.

Fungu ni lile boksi la stoo, mtu amehama au watoto wamekua, amepiga picha moja matoi yamemwagwa sakafuni, anauza yote pamoja. Ukigawa bei kwa idadi ya vipande unaona kila kimoja ni karibu na bure. Lakini hesabu hiyo siyo ya kukusanya. Hesabu ya kukusanya ni vipande vingapi humo ndani unavihitaji, na vinakosa nini. Kisanamu bila silaha yake na bila kofia yake, silaha saa nyingine ina bei kuliko kisanamu chenyewe, kwa sababu watoto tulikuwa tunapoteza vile vidude vidogo wiki ya kwanza. Luke Skywalker wa kwanza wa Kenner mwenyewe anapatikana kirahisi tu, ila upanga wake wa njano unaoingia na kutoka mkononi, ncha yake nyembamba imevunjika kwa wengi sana, na mwenye ncha nzima ni habari nyingine.

Sasa mtu akishakuwa na kisanamu kitupu anaanza kununua silaha peke yake, na soko la silaha limejaa kopi. Kopi zingine zinauzwa wazi kabisa kama kopi, hamna shida, tatizo ni zikishabadilisha mikono mara mbili tatu hakuna anayekumbuka tena. Kuna jaribio la maji ambalo wakusanyaji wa Kenner wanalitumia sana, silaha nyingi orijino zinaelea na kopi nyingi zinazama, ila kuna kopi zinazoelea pia kwa hiyo hilo linakusaidia kukataa, halikusaidii kuthibitisha. Kinachothibitisha ni kuweka kipande chako pembeni ya kipande unachokijua ni orijino, uangalie mng'ao wa plastiki, ukali wa kingo, alama zilizoachwa na kalibu ya kiwandani. Na mfano mkali kuliko yote ni Jawa, yule kiumbe mdogo mwenye joho wa Star Wars. Mwaka 1978 alianza kutoka na joho la vinyl, yaani plastiki laini, muda mfupi wakabadilisha wakaweka la kitambaa, kwa hiyo lile la vinyl ni adimu, na watu wamekuwa wakichukua joho la vinyl la Ben Kenobi wanalikata kulifupisha na kumvisha Jawa. Ukikuta Jawa wa vinyl ndani ya fungu la bei rahisi, furahi polepole.

Kwenye fungu la G.I. Joe wa 1982 kuendelea, wale wadogo wa inchi 3 na robo tatu, zoom kwenye vidole gumba. Plastiki ya vidole ilikuwa ngumu na mtoto akilazimisha bunduki kuingia kidole kinakatika. Alafu angalia pale miguu inapokutana na kiuno, panavunjika, na angalia rangi ya viwiko na nywele. Kiuno kikiwa kinalegea usikate tamaa, ndani kuna mpira mdogo wa duara unaounganisha kifua na miguu, umezeeka tu, unafungua skrubu moja ya mgongoni unaweka mpya na askari anasimama imara. Mpira ni kitu kidogo sana, kidole gumba ndo hakirudi. Kwa hiyo fungu lenye askari waliolegea ni zuri kununua, fungu lenye askari waliokatika vidole ni spea tu.

Kipande kimoja kilichokamilika utalipa zaidi, na watu wengi mwanzoni wanaona ni kuibiwa. Ila jumlisha kisanamu kitupu, na silaha, na nauli ya kila kifurushi kinachokuja peke yake, na ile miezi ya kutafuta, mara nyingi unakuta kilichokamilika kilikuwa nafuu. Fungu mi ningelichukua kwa sababu mbili, ya kwanza unataka kujifunza, hamna shule nzuri kama kumwaga boksi mezani na kuanza kutambua kimoja kimoja, hiki cha nani, hiki kinafunga wapi, na ya pili ndani ya picha umeona kitu ambacho muuzaji hajakitaja. Kama unachotaka ni toi moja tu lile ulilolilia ukiwa na miaka saba, nunua lililokamilika, maliza, liweke kwenye rafu.

Ndani ya boksi au bila boksi

Boksi lina nguvu yake, siwezi kukataa. Michoro ile, harufu ya karatasi, na kwa mtu anayefikiria thamani ya baadaye boksi ndo linabeba sehemu kubwa ya bei. Ila toi ambalo halijawahi kufunguliwa lina mambo ambayo wauzaji hawayasemi.

Plastiki inazeeka hata kama haijaguswa. Kuna plastiki ya dhahabu yenye vumbivumbi la kung'aa ndani yake, ilitumika kwenye Transformers za mwisho wa miaka ya 80 na za miaka ya 90, hiyo inakuwa kama biskuti kavu, unaligeuza roboti mara moja kiungo kinasambaratika, na hali hiyo inatokea hata ndani ya boksi lililofungwa miaka yote. Kwa hiyo unaweza kununua toi safi kabisa ambalo huwezi kuligusa milele. Ile mipira ya G.I. Joe nayo inakauka humo humo ndani ya kifungashio. Vinyl laini inatoa mafuta yake taratibu, toi linanata, na likigusana na plastiki nyingine kwa miaka linaacha alama iliyoyeyuka. Barbie wa zamani aliyekaa na hereni zake za chuma masikioni anapata madoa ya kijani usoni kwa sababu ya shaba, na hapo kuwa ndani ya boksi kumemuumiza badala ya kumsaidia.

Alafu kuna udanganyifu wa boksi lenyewe. Maboksi ya vigari vya Matchbox na Dinky yanachapwa upya na yanatoka vizuri, kadi za visanamu zinafunguliwa na kubandikwa tena. Ndo maana kuna watu wanaopima na kutoa namba, AFA na CAS, wanalifungia toi ndani ya kasha gumu la akriliki na namba mbele, 80, 85, 90. Kwa toi la bei kubwa lililofungwa nakushauri usinunue bila kupimwa kama huna uzoefu, unalipia utulivu. Kwa toi la kawaida hiyo namba ni gharama ya bure.

Na kuna njia ya katikati ambayo naipenda kuliko zote mbili, toi lililochezewa kidogo, limekamilika, boksi lake lipo limechoka kona. Unalishika, unaligeuza, unalirudisha kwenye boksi lake. Bei yake inashuka sana kulinganisha na lililofungwa kwa sababu wanaotafuta ukamilifu wanalikimbia.

Mkusanyaji mwenzako au nyumba ya mnada

Mkusanyaji anayepunguza mkusanyiko wake ndo muuzaji bora unayeweza kumpata, nasema hivyo bila kusita. Anajua kasoro na anazitaja yeye kabla hujauliza, anafunga mzigo vizuri kwa sababu toi linamuuma, na akishakujua atakukumbuka siku akikutana na kile unachokitafuta. Bei zake sio za kutupa ila ni za haki. Unavyompata ni kwenye makundi ya wakusanyaji wa toi husika na kwenye maonyesho ya matoi, na inabidi uwe mtu, salimia, changia, uliza maswali ya kueleweka, usiingie siku ya kwanza na "bei ya mwisho ngapi".

Hatari iko kwenye malipo. Ukimtumia mtu pesa kwa PayPal ile ya ndugu na marafiki huna ulinzi wowote, imeisha hiyo. Tumia ile ya bidhaa na huduma, ada yake ni ndogo kulinganisha na kupoteza toi zima, na inakupa siku 180 za kufungua malalamiko. Muuzaji akikataa katakata njia hiyo na hamjuani, aga kwa heshima uondoke. Na muombe picha moja mpya, toi pembeni ya karatasi yenye jina lake na tarehe ya leo kwa mwandiko wa mkono. Matapeli wanaiba picha za watu wengine, karatasi ya leo hawana.

Nyumba za mnada kama Vectis ya Uingereza, Hake's na Heritage za Marekani ni za kitu kingine. Huko ndo vinaenda vitu vya juu kabisa, sampuli za kiwandani, mikusanyiko ya mtu mzima aliyekusanya maisha yake yote, mambo kama kile kisanamu cha Star Wars, Boba Fett wa kurusha roketi, ambaye Kenner walimtangaza wakamfuta kwa ajili ya usalama wa watoto na hakuwahi kufika madukani. Faida ni kwamba kuna mtaalamu ameangalia na ameandika maelezo kwa makini. Hasara ni ile ada ya mnunuzi, bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda, sio utakayolipa, nyumba nyingi zinaongeza asilimia 20 au zaidi juu yake, bado kodi, bado usafirishaji ambao saa nyingine unautafuta mwenyewe. Kwa hiyo dau lako la mwisho lihesabu kutokea chini, chukua jumla unayoweza kutoa, toa nauli, toa ada, kinachobaki ndo dau. Lakini kuna siri moja nzuri, nyumba hizi zinauza pia mafungu, trei nzima ya vigari thelathini arobaini, na mafungu hayo huwa hayapati fujo kama vitu vikubwa.

Japan

Kama ulichokipenda utotoni ni maroboti, usiiruke Japan. Transformers walipoanza 1984 Hasbro wa Marekani walichukua matoi ya kampuni ya Kijapani ya Takara yaliyokuwa tayari yanauzwa huko kama Diaclone na Microman, na kampuni nyingine ya huko, Popy, walikuwa na maroboti ya chuma ya Chogokin tangu 1974. Vitu hivi huko ni vingi na mara nyingi viko na boksi, karatasi ya maelekezo na hata stika ambazo hazijabandikwa. Mandarake wao ni duka la vitu vilivyotumika, wanaeleza hali ya kitu kwa uaminifu mkubwa na wanatuma nje ya nchi wenyewe. Yahoo! Auctions na Mercari utahitaji wakala kama Buyee au ZenMarket, anakununulia, anapokea, anahifadhi, anakusanya mizigo yako kuwa mmoja na kukutumia.

Tafuta kwa jina la Kijapani, nakili tu kutoka kwenye ukurasa wowote wa toi hilo. Optimus Prime, yule roboti wa Transformers anayegeuka lori, huko anaitwa Convoy, ukiandika Optimus utaona robo ya vilivyopo. Na soma tafsiri ya maelezo kwa utulivu, kitu kikiandikwa kinauzwa kama janku maana yake kinachukuliwa kilivyo na hakirudi.

Kinachoumiza ni ngazi za ada, ya wakala, ya malipo, ya usafiri wa ndani, ya usafiri wa kimataifa, na ushuru wa forodha wa nchi yako. Kitu kimoja kidogo hakilipi. Vitu vitano sita ndani ya mzigo mmoja vinalipa vizuri, ila angalia siku za kuhifadhi bure zisikuishie.

Ana kwa ana

Masoko ya vitu vilivyotumika na mauzo ya nyumbani ni bahati zaidi kuliko mpango, sitakudanganya. Huendi huko kutafuta kitu fulani, unaenda kuona kilichokuja. Faida ambayo mtandao hauwezi kukupa ni mikono na pua yako. Fungua mahali pa betri, ukiona unga mweupe au wa kijani betri zimevuja, siki kidogo kwenye pamba inaondoa uchafu wa betri za alkali, ila kama vyuma vimeliwa mpaka vimekatika achana nalo. Nusa, ukungu na moshi wa sigara kwenye kitambaa na manyoya ni vigumu kutoa. Gari la chuma la miaka ya 30 likiwa na nyufa kama utando, limevimba, linamenyeka, huo ni ugonjwa wa zinki iliyochanganyika na uchafu wa madini ya risasi wakati wa kuyeyusha, hauna dawa na utaendelea. Plastiki nyeupe iliyogeuka njano inasafishika kwa haidrojeni peroksaidi na mwanga wa jua, ila inaweza kurudi njano tena, kwa hiyo usilipe bei ya jeupe.

Na hili nalisema kwa uzito, matoi ya zamani yasirudi kwa watoto kuchezewa. Marekani walipiga marufuku rangi zenye madini ya risasi kwenye matoi mwaka 1978, maana yake vya kabla ya hapo vinaweza kuwa nayo, na vipande vidogo vinavyokabisha vilikuwa vya kawaida. Fisher-Price walikuja kuwanenepesha watu wao wadogo mwaka 1991 kwa sababu hiyo hiyo. Weka juu, onyesha, simulia.

Toi kwa toi, mi ningefanya hivi

Star Wars ya Kenner: kipande kilichokamilika kutoka kwa mkusanyaji. Kopi za silaha ni nyingi mno kwa mgeni kuingia kwenye mafungu peke yake.

G.I. Joe na He-Man: mafungu, bila wasiwasi sana, kwa sababu viungo vya mpira vinabadilishika. Hakikisha tu vidole na silaha.

Transformers: Japan kwa wenye maboksi, mkusanyaji kwa wengine. Kuwa makini, Hasbro na Takara wenyewe wameshayatoa upya matoi yao ya zamani, na kuna kopi za watu wengine pia. Kuanzia 1985 mengi yalikuwa na kistika kidogo cha kusugua kwa kidole, joto linaleta alama ya upande wake, Autobot au Decepticon. Muombe muuzaji asugue apige picha. Ila wa 1984 hawakuwa nacho, usikatae toi zuri kwa kukikosa.

Barbie: bei iliyopangwa, kwa muuzaji anayejibu maswali, maana kichwa cha mwaka mmoja kuwekwa kwenye mwili wa mwaka mwingine ni jambo la kila siku. Ukiambiwa ni yule wa kwanza kabisa wa 1959 omba picha ya nyayo, anatakiwa awe na mashimo yenye bomba la shaba ndani.

My Little Pony wa miaka ya 80: popote, ila omba picha ya mkia pale unapoanzia. Mkia ulishikwa na kipande cha chuma ndani na kikipata maji kinaota kutu, doa linatokea nje na halitoki kirahisi.

Matchbox za Lesney, kampuni iliyozitengeneza mwanzo: nyumba ya mnada kwa trei, au ana kwa ana. Geuza gari uangalie kile kichwa cha ribiti kinachofunga sakafu, kama kimetobolewa au kuna skrubu gari limefunguliwa na kupakwa upya. Na matairi, kuanzia 1969 zilikuja Superfast zenye magurudumu membamba ya kasi, kwa hiyo mtu akikuuzia gari la kabla ya hapo lenye magurudumu hayo kuna kitu kimebadilishwa.

LEGO: usinunue seti nzima kwa bei ya seti nzima kama una sehemu yake tayari. Ingia BrickLink, ipo tangu 2000 na tangu 2019 ni ya LEGO wenyewe, unanunua kipande kimoja kimoja kwa namba na rangi mpaka seti inatimia. Matofali ya kabla ya 1963 ni ya plastiki tofauti ambayo inapinda, hayo yaache kwa wanaokusanya historia. Ya baada ya hapo yanashika na ya leo bila shida, kwa hiyo hata fungu chafu la kilo kadhaa ni mali, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, anika kivulini, alafu kaa chini uanze kuchambua rangi.